Njiwa, Nafaka na Bunduki: Uchambuzi wa Suala la Ndege Waharibifu, Kutoka Bandari ya Bujumbura

Kila penye nafaka pana ndege, na kila penye nafaka na ndege pana mtu anayetafuta tadbiri ya kupunguza hasara yake. Suala hili lina umri wa kilimo chenyewe, lakini ni nadra kujadiliwa kwa utulivu linaostahili, kwa kuwa aliyeliwa shamba lake husema kwa hasira, na apendaye ndege husema kwa huruma, ilhali hasira na huruma zote mbili hazina uwezo wa kutuambia ni magunia mangapi yamepotea, yamepotezwa na nani, na kwa njia gani yangaliokoka. Katika makala haya nimekusudia kulitazama suala lote, tangu ufundi wa kumvuta njiwa kwa sanamu na kumpiga kwa bunduki, hadi sumu, wavu na ulinzi wa shamba, nikisimama mahali ambapo pande zake zote hukutana, napo ni Bandari ya Bujumbura.

Bandari hiyo ilijengwa na Wabelgiji katika miaka ya 1950, mji ungali ukiitwa Usumbura, na tangu hapo imekuwa mlango wa majini wa nchi isiyopakana na bahari: shehena huja kutoka Kigoma, ambako reli ya kati ilifika mwaka 1914, huja kutoka Mpulungu upande wa Zambia, na huja kutoka Kalemie na Uvira upande wa Kongo. Saruji, sukari na mahindi hushushwa humo, na shehena nyingi hupita mabegani mwa wachukuzi katika magunia. Na gunia, hata lishonwe vema namna gani, huvuja. Upande wa magharibi, kilomita chache tu kutoka ghatini, mto Ruzizi huingia ziwani kwa mikono yake, ndani ya hifadhi iliyotengwa mwaka 1980, yenye mikoma, viboko na nyasi ndefu. Na upande wa kaskazini umelala uwanda wa Imbo, pamoja na mashamba ya mpunga ya Gihanga na Mpanda. Ndege alalaye katika mikoma ya Ruzizi aweza kula ghatini asubuhi na kushinda mpungani alasiri, asijue kwamba amevuka mipaka ya mamlaka tatu, ya bandari, ya hifadhi na ya kilimo, ambazo kila moja humtazama kwa jicho lake.

Jambo la kwanza katika kesi yoyote ni kumjua mshtakiwa. Watu husema ndege wamekula mpunga, kana kwamba ndege wote ni wamoja. Lakini maumbile yamewagawa kazi. Njiwa wa mjini, njiwa wa porini mwenye madoa mabawani, hua, tetere na pugi ni ndege wa kutembea chini: miguu yao haikuumbwa kuning'inia katika suke, na mdomo wao haukuumbwa kukamua punje changa. Wao huokota kilichoanguka na kilichopandwa, na kwa hiyo madhara yao makubwa hutokea siku za kusia mbegu, ambapo mahindi, karanga au alizeti zilizofukiwa juu juu hufukuliwa, na tena katika ghala na ghati, ambapo huchafua kwa kinyesi chakula kingi kuliko wanachokula. Mnana na jamaa zake, pamoja na shomoro na kwelea, ndio wanaoshika suke kwa kucha, wakalikamua likiwa bado na maziwa. Anayempiga tetere kwa kosa la mnana hupoteza risasi na insafu kwa pamoja. Na anayewaona tetere mia katika uwanda wa nyasi, au katika shamba lililokwisha kuvunwa, akadhani anawaona wezi, amekosea vilevile, kwa maana saa hiyo wanaokota mbegu za nyasi na magugu, au punje ambazo mkulima amekwisha kuzipoteza.

Sasa na tuutazame ufundi wenyewe. Kumvuta njiwa kwa sanamu na kumpiga akitua ni kazi iliyofikia kilele chake katika mashamba na malisho ya Uingereza, ambako njiwa mkubwa wa msituni, mwenye doa jeupe shingoni na ukanda mweupe katika kila bawa, hushuka makundi kwa makundi katika nyasi za malisho ili ale majani ya klova, mmea wa jamii ya kunde umeao kati ya nyasi hizo. Mwindaji mwenye ujuzi hataanza kwa bunduki. Ataanza kwa kukaa mbali, akitazama njia ya angani wanayopita, kona ya malisho wanayoipenda na upepo uvumako. Kisha atajenga ulindo wa matawi na wavu, na mbele yake atapanga sanamu za njiwa, au njiwa waliokwisha kufa, vichwa vikielekea upepo, kwa sababu ndege hutua akiukabili upepo. Na kati ya sanamu hizo ataacha uwazi, ndani ya umbali ambao marisau yanaweza kufika yakiwa na nguvu, kiasi cha mita 30, ili ndege ajaye adhani kwamba nafasi hiyo imeachwa kwa ajili yake. Ndege apitaye juu akiwaona wenzake wameinamisha shingo huamini mambo mawili mara moja, kwamba chini kuna chakula na kwamba chini kuna amani, na imani hiyo ndiyo imwuayo.

Nimeueleza ufundi huu kwa urefu kwa sababu ndani yake mna elimu ambayo bunduki yenyewe haina. Mwindaji wa sanamu anajua kwamba ndege hawatawanyiki shambani ovyo. Wanakwenda penye chakula, wanaongozwa na wenzao, wanautii upepo, na wanaziogopa alama fulani kuliko nyingine. Mtego wa Kiafrika, ukiwa wa ulimbo, wa tanzi au wa wavu uliotandazwa juu ya punje, umejengwa juu ya elimu hiyo hiyo. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba thamani ya kudumu imo katika elimu hiyo, na mauaji yanayoifuata, kwa kuyapima kwa hesabu ya nafaka iliyookoka, aghalabu yana thamani ndogo.

Ushahidi wa kwanza unatoka katika malisho yale yale ya Uingereza. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya nchi ile iliwasaidia wakulima kununua risasi za kuwapigia njiwa, kwa kuamini kwamba kila njiwa aangukaye ni kabichi au ngano iliyookoka. Ndipo mtaalamu R. K. Murton na wenzake, waliokuwa watumishi wa wizara ya kilimo, wakafanya kazi kwa miaka huko Carlton, katika jimbo la Cambridgeshire, wakihesabu njiwa na kupima klova iliyobaki malishoni. Walichokikuta kilikuwa kinyume cha matumaini ya wengi: idadi ya njiwa waliovuka majira ya baridi ilifuata wingi wa klova, na wale walioangushwa kwa bunduki katika majira hayo walichukua nafasi ya wale ambao njaa ingaliwaua hata hivyo. Kila aliyepigwa alimwachia chakula chake aliyesalia; ilipofika masika, hesabu ilikuwa karibu ile ile ambayo ingalikuwako bila ya mlio mmoja wa bunduki. Ruzuku ya risasi ikaondolewa katika miaka ya 1960, na elimu hiyo ikaingia katika vitabu vya fani, kikiwemo kile cha Murton mwenyewe juu ya njiwa huyo, kilichotoka mwaka 1965.

Yaliyofuata yaliithibitisha hoja hiyo kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Kuanzia miaka ya 1970 wakulima wa Uingereza walipanda kwa wingi mmea wa rapa, wenye mbegu za mafuta, ambao majani yake hubaki mabichi shambani wakati wote wa baridi. Njiwa, ambao zamani walipunguzwa na upungufu wa klova, wakapata chakula kipya cha kuwavusha majira magumu. Idadi yao ikapanda, na leo wanakadiriwa kuwa jozi zaidi ya milioni tano wanaozaa katika nchi hiyo, ingawa bunduki hazikunyamaza hata mwaka mmoja. Mkono uliopanda rapa uliamua wingi wa njiwa kwa nguvu kubwa kuliko mkono ulioshika bunduki.

Mtu mwenye insafu atauliza hapo: Je, hakuna ndege waliomalizwa kwa kuwindwa? Wapo, na mfano mkubwa kabisa ni njiwa pia. Njiwa msafiri wa Amerika ya Kaskazini, ambaye makundi yake yalihesabiwa kwa mamilioni elfu, alipigwa kwa bunduki, akanaswa kwa nyavu, na akavutwa kwa njiwa walio hai waliofungwa juu ya vigoda ili wapapatike na kuwaita wenzao. Simu ya maandishi ilieneza habari za mahali walipotaga, na reli ikabeba mizoga yao hadi masoko ya miji mikubwa. Wa mwisho wao alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914. Mifano hii miwili haipingani. Njiwa wa Uingereza alipigwa wakati wa baridi, katika siku ambazo maumbile yenyewe yalikuwa yakipunguza, na viota vyake vikabaki salama, tena vingi na vilivyotawanyika. Njiwa msafiri, aliyetaga yai moja kwa wakati, alishambuliwa mahali pale pale alipokusanyika kuzaa, mwaka baada ya mwaka, na misitu yake ikikatwa. Kwa hiyo matokeo ya mauaji hutegemea wakati, mahali na uzazi wa ndege mwenyewe kabla ya kutegemea wingi wa risasi. Nasi Afrika Mashariki tuna sababu ya kulikumbuka hilo, kwani katika kisiwa cha Pemba yuko ninga asiyepatikana mahali pengine popote duniani, na kanuni ionekanayo salama kwa tetere wa Ruzizi ingeweza kuwa maangamizi kwa ninga huyo.

Ushahidi wa pili uko karibu nasi zaidi. Kwelea mwenye mdomo mwekundu, ambaye wataalamu humhesabu kuwa ndege wa porini mwenye idadi kubwa kuliko wote duniani, hula kiasi cha gramu 10 za mbegu kwa siku; kundi la ndege milioni moja, ambalo kwao si kundi kubwa, linaweza basi kumeza tani 10 kati ya macheo na machweo. Tanzania, kama nchi nyingi za bara hili, imepigana naye kwa ndege za kunyunyiza sumu juu ya malalo yake, ikisaidiwa na shirika la kupambana na nzige wa jangwani katika Afrika ya Mashariki, lililoundwa mwaka 1962. Unyunyizaji huo, unapofanywa kwa wakati na karibu na shamba lililo hatarini, umewahi kuokoa mavuno ya mahali fulani. Lakini miongo ya kuwaua kwa mamilioni haijapunguza wingi wao katika bara, na sumu yenyewe, fenthioni, huua pia bundi, mwewe na viumbe wengine walalao au walao hapo. Wakati huo huo watu wa Kondoa, katika Tanzania ya kati, wamewanasa kwelea kwa vikapu vilivyosukwa kwa majani, wakawala na kuwauza sokoni, nao kwelea waliopatikana hivyo wamekuwa kitoweo badala ya kuwa mzoga wenye sumu. Sisemi kwamba vikapu vya Kondoa vitammaliza kwelea, kwa maana havitammaliza. Nasema kwamba baina ya njia mbili zisizoweza kupunguza wingi wake, yapasa kuchagua ile inayowapa watu chakula na isiyowaachia maradhi.

Tofauti hiyo ya wavu na sumu inakuwa suala la maisha ya watu katika mpunga wa Bunyala, huko Busia, magharibi mwa Kenya, ambako mtafiti Martin Odino alieleza jinsi wawindaji walivyotumia dawa ya wadudu iitwayo Furadani kuwaua ndege kwa ajili ya nyama. Konokono waliotiwa sumu waliwekwa majini kwa ajili ya korongo, punje zilizotiwa sumu zilitawanywa kwa ajili ya njiwa na bata, na korongo aliye hai alifungwa katikati ya shamba ili awavute wenzake. Huo ni ufundi ule ule wa malisho ya Uingereza, hatua kwa hatua: rafiki wa uongo, chakula cha kweli, na imani ya kundi, lakini mwisho wake ni nyama yenye sumu katika sufuria ya mtu maskini. Yeyote atakayependekeza kuwaondoa njiwa wa bandarini kwa punje za sumu na aitazame Bunyala kwanza, kisha ajiulize ni nani mjini Bujumbura atakayeokota njiwa waliolegea chini ya ukuta wa ghala, na watoto wa nani watakaowala.

Wako wengine watakaotaja kunguru, na ni haki wasikilizwe. Kunguru wa Bara Hindi aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili asafishe taka, akaenea pwani yote, akawa adui wa mayai na makinda ya ndege wa asili na wa vifaranga vya kuku. Huko Unguja na Dar es Salaam alipunguzwa kwa mitego ya vizimba ambamo kunguru wachache walio hai waliwekwa ili wawavute wenzao, na kwa sumu maalumu. Kazi iliposimama, akarudi. Na mwaka 2024 Kenya ilitangaza azma ya kuwaondoa kunguru hao milioni moja. Kesi hii inatofautiana na ya njiwa kwa sababu kunguru yule ni mgeni aliyeletwa na mwanadamu, naye huwadhulumu ndege wenyeji. Lakini funzo lake la kiutendaji ni lile lile, kwamba mauaji yasiyoambatana na usafi wa jalala ni kodi ya kulipwa kila mwaka, na siku asipopatikana wa kuilipa, hali hurudi ilivyokuwa.

Sasa turudi Bujumbura na bunduki. Tukichukulia, kwa ajili ya mjadala, kwamba yote niliyoyasema juu ya hesabu ya ndege hayapo, bado ingesalia sababu kubwa ya kutoileta bunduki katika ghati au katika uwanda wa nyasi ulio kando ya mji huu. Burundi iliingia vitani mwaka 1993. Mapatano ya amani ya Arusha yakatiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Na baada yake ikafuata kazi ndefu ya kuzikusanya silaha zilizokuwa mikononi mwa raia. Katika mji wenye historia hiyo mlio wa bunduki alfajiri hauwezi kuwa habari ya njiwa tu: mama wa mtaa wa Buyenzi ausikiaye hana njia ya kujua kama umeelekezwa kwa ndege, naye ana kila sababu ya kuwaita watoto wake ndani. Haki ya watu kulala bila hofu ni manufaa ya umma, nayo ni nzito kuliko punje zote ambazo njiwa wa bandari wanaweza kuokota.

Iko pia hoja ya ziwa. Kila mlio mmoja wa bunduki ya marisau hutawanya kiasi cha gramu 30 za madini ya risasi, na sehemu ndogo sana ya hayo humfikia ndege; yaliyobaki huanguka majini na matopeni, ambako bata na ndege wengine huyameza wakidhani ni changarawe za kusagia chakula, wakafa polepole. Kwa sababu hiyo nchi za Umoja wa Ulaya zilipiga marufuku, kuanzia Februari 2023, marisau ya madini hayo katika maeneo oevu na kandokando yake. Delta ya Ruzizi imeandikwa tangu mwaka 2002 katika orodha ya kimataifa ya maeneo oevu yenye umuhimu. Na Tanganyika, ziwa lenye kina cha mita 1,470, lenye mto mmoja tu wa kutokea, Lukuga, na ambalo maji yake mengi huondoka kwa kugeuka mvuke, hukihifadhi kile linachopokea kwa muda usiolingana na umri wa mwanadamu. Nchi nne zilitia saini mkataba wa kulilinda ziwa hilo mwaka 2003, na makao ya mamlaka iliyotokana na mkataba huo yamo mumo humo Bujumbura. Ingekuwa aibu mji huo kuwa wa kwanza kulisahau.

Wala si haki kuiacha kando dhamiri. Waislamu wa Buyenzi na wa mji wa Rumonge wanajua kwamba sheria yao inamruhusu mtu kuwinda kwa haja ya chakula au kwa kuondoa madhara, lakini inamkataza kukiua kiumbe kwa mchezo na kukifanya kiumbe kilicho hai kuwa shabaha. Na majirani zao Wakristo, kwa njia yao, wanafundishwa kwamba utawala wa mwanadamu juu ya viumbe ni amana. Kwa kipimo hicho njiwa aliyepigwa ili aliwe, na ndege aliyeuawa akiwa juu ya suke la mtu mwenye nusu hekta ya kulisha watoto, wote wana hoja ya kuwatetea waliowaua. Bali njiwa aliyepigwa katika nyasi, mbali na shamba, kwa kuwa tu kundi lake ni kubwa na bunduki iko mkononi, hana mtetezi wa mauaji yake.

Ikiwa basi kuua hakupunguzi wingi, tufanyeje? Hapa ndipo elimu ya sanamu inapogeuzwa upande wa pili, ikawa ngao. Watafiti wa Kiingereza, Inglis na Isaacson, walionyesha katika kazi waliyoitangaza mwaka 1984 kwamba namna sanamu ya njiwa inavyowekwa hubadili maana yake kwa ndege wenyewe: sanamu iliyokunja mabawa na kuinamisha shingo huwaita, na ile iliyotandaza mabawa, ukanda mweupe ukionekana kama uonekanavyo njiwa anaporuka kwa hofu, huwafukuza. Ndege mmoja, shamba moja, na mkao tu ndio uliobadilika. Kweli, hofu isiyo na kitu nyuma yake huzoewa, na ndege hujifunza haraka kwamba sanamu ya kutishia haina mikono. Kwa hiyo vitisho havina budi kuhamishwa, kubadilishwa, na kuonekana siku zile chache tu ambapo mazao yako hatarini. Mlinzi aliye hai, mwenye teo, kopo na sauti, anayeamia kutoka juu ya dungu, hushinda sanamu yoyote, kwa kuwa ndiye kitisho pekee kinachofikiri.

Kwa bandari, tadbiri ni nyepesi kusema na inahitaji nidhamu kutenda. Njiwa wa ghatini amewekwa pale na punje, naye ataondolewa na kukosekana kwa punje. Ghati lifagiwe mara chombo kinapomaliza kushusha, kabla ya jua la siku ya pili. Magunia yaliyochanika yashonwe au yabadilishwe palepale. Nafaka isilazwe wazi. Matundu ya paa na madirisha ya juu ya ghala yafungwe kwa wavu wa waya. Na boriti ambazo ndege hulala juu yake ziwekewe vizuizi. Fagio na wavu hununuliwa mara moja na kutumika kwa miaka, hazihitaji kibali cha silaha, na faida yake ni maradufu, kwa sababu punje iliyofagiwa ni punje iliyookolewa, tena haina kinyesi. Njiwa watakaobaki wataishi kwa idadi ambayo mji unaweza kuivumilia.

Kwa mashamba ya Imbo suala ni gumu zaidi, kwani huko ndege na mkulima wanagombea suke moja. Lakini hata huko njia zinajulikana. Majirani wakipanda wiki moja na kuvuna wiki moja, ndege hugawanyika katika mashamba yote, hasara ya kila mmoja ikawa ndogo; yule apandaye peke yake, mapema au baada ya wenzake, huwalisha ndege wa tarafa nzima. Mbegu ifukiwe kwa kina kinachostahili, ili tetere asiione. Kitalu, ambacho ni kidogo, kifunikwe kwa wavu. Magugu yenye mbegu yang'olewe katika vijaruba, kwa maana ndiyo yanayowakaribisha ndege kabla mpunga haujaiva. Kuamia ndege kufanywe kwa zamu na vyama vya wakulima, kwa ujira ulio wazi, katika yale majuma machache ambapo punje iko katika maziwa, wala mzigo huo usiwaangukie watoto waliopaswa kuwa darasani. Mavuno yaliyookolewa kwa gharama ya mwaka wa shule yameokolewa kwa bei kubwa mno. Na ikilazimu kuua, basi auawe ndege aliye mharibifu kweli, juu ya shamba, kwa wavu au mtego, ili wachache walionaswa wakipe maana kitisho kinachowafukuza wengi, na nyama yao iliwe.

Pana jambo moja zaidi ambalo viongozi wa kilimo wanaweza kulifanya bila fedha nyingi, nalo ni kupima. Karibu kila hukumu dhidi ya ndege hutolewa kwa kuwahesabu ndege, ilhali mkulima halipwi kwa idadi ya ndege waliokosekana. Ikatwe sehemu ndogo ya shamba iliyofunikwa kwa wavu na sehemu sawa na hiyo isiyofunikwa, yapimwe mavuno ya kila moja, na tofauti yake iandikwe. Ndipo itakapojulikana, kwa kila kijiji na kila msimu, kama mnana amekula sehemu ya ishirini au ya tatu ya mpunga, na kama ulinzi uliolipiwa ulikuwa na faida kuliko gharama yake. Bandari nayo ipime uzito wa magunia kutoka chomboni na uzito wayo yanapoingia ghalani. Mtu akinijia na njiwa mia mbili waliokufa, akiniambia kwamba ameushinda uharibifu, sitamsifu wala sitamlaumu kabla sijamwuliza magunia mangapi zaidi yamefika ghalani. Na mamlaka ya bandari, chama cha wakulima na hifadhi ya Ruzizi, siku zitakapokaa meza moja na kuanza kwa swali hilo, zitakuwa na sera moja juu ya ndege ambayo inaweza kutetewa mbele ya mkulima mwenye njaa na mbele ya mtu apendaye uhai.